Gundi ya Ufito wa Kuvulia

Wavuvi wengi wa pwani huvua kwa mshipi wa mkono, wala hawahitaji ufito. Mshipi hutupwa kutoka katika ngalawa, nao hushikwa kwa vidole, na kidole ndicho kihisicho samaki adonoapo chambo. Lakini katika mito midogo ya bara, mathalani ile mito baridi ishukayo kutoka milima ya Aberdare katika nchi ya Kenya, desturi ni nyingine. Huko yumo samaki aitwaye trauti, naye si mwenyeji wa nchi. Mayai yake yaliletwa kutoka Scotland mwaka 1905, yakatiwa katika mto Gura. Samaki huyu ana macho makali, hukimbia akiona kivuli cha mtu juu ya maji. Kwa hiyo avuaye husimama mbali kidogo na ukingo, akaurusha mshipi wake kwa ufito mrefu, mwembamba, upindikao kama upinde na kunyoka tena.

Ufito huo ukitazamwa upesi huonekana kuwa kijiti kimoja tu. Ukitazamwa vizuri, ni vitu vingi vilivyoungwa pamoja. Chini upo mkono wa kushikia, uliofanywa kwa gome jepesi la mti wa Ureno, lile lile lifanywalo vizibo vya chupa. Karibu na mkono kipo kikalio cha kigurudumu cha kuzungushia mshipi. Kupanda juu zipo pete ndogo za waya ambazo mshipi hupita ndani yake, nazo zimefungwa kwa uzi wa hariri na kupakwa vanishi. Katikati yapo mabomba mawili mafupi ya shaba nyeupe, jike na dume, ili ufito upate kutengana vipande viwili au vitatu na kuchukuliwa safarini. Na mwisho kabisa ipo pete ya ncha, yenye kijibomba chake kilichovikwa juu ya ufito kama kofia. Mkono, kikalio, mabomba na pete ya ncha, vyote vimeshikwa kwa gundi.

Sasa vitu hivi huchakaa kabla ya ufito wenyewe. Mshipi uendao na kurudi katika pete ya ncha siku nyingi huchimba mfereji katika chuma chake, kama kamba ya kisimani ichimbavyo jiwe la ukingo. Mfereji huo huwa na makali, nao huukwaruza mshipi kila unapopita, hata siku moja samaki mkubwa akavuta, mshipi ukakatika, akaenda zake na ndoana mdomoni. Bomba nalo hupasuka, au hupanuka likawa halishiki tena. Hapo fundi hana budi kukiondoa kilichochakaa ili atie kipya. Na hapo ndipo hatari ilipo, maana ufito uliopigana na samaki miaka mingi bila kudhurika huweza kuja kuvunjwa mezani kwa dakika moja.

Sababu yake ni hii. Mtu asiyejua huidhani gundi kuwa adui wa kushindwa kwa nguvu. Hushika koleo, akabana, akazungusha, akavuta. Lakini gundi iliwekwa pale kwa kazi hiyo hiyo ya kupinga nguvu, na mara nyingi ina nguvu kuliko kitu inachokishika. Basi ikivutwa sana, kinachokubali kwanza si gundi bali ufito.

Hata hivyo hakuna gundi isiyokuwa na udhaifu wake. Watoto wategao ndege kwa ulimbo wanajua kwamba ndege akipiga mbawa hazidi ila kunaswa, lakini mafuta kidogo yakipakwa unyoyani ulimbo huachia. Mtoto abandikaye karatasi ya tiara kwa ubwabwa anajua kwamba tiara ikianguka majini karatasi hubanduka yenyewe. Nta hulegea juani. Ulimbo huogopa mafuta, ubwabwa huogopa maji, nta huogopa joto. Afanyaye kazi ya kubandua hana la kwanza ila kuuliza: gundi hii ni ipi, nayo huogopa nini? Swali la pili ni gumu zaidi, na mafundi wengi hulisahau: kile kilicho chini ya gundi, chenyewe huogopa nini?

Ili kulijibu swali hili la pili inafaa kujua namna fito hizi zilivyoanza kufanywa. Zamani ufito wa kuvulia ulikuwa mti mtupu uliochongwa, nao ulikuwa mzito. Katika miaka ya 1840, huko Easton katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, palikuwa na mfua bunduki jina lake Samuel Phillippe. Mtu huyu alikuwa pia akitengeneza fidla, na kwa ajili hiyo aliijua sana gundi. Alichukua mwanzi, akaupasua vijiti vyembamba, akavipiga randa, kisha akavigandisha pamoja kuwa kijiti kimoja kisicho na uwazi ndani. Baadaye Hiram Leonard wa Bangor, katika jimbo la Maine, alifanya fito za vijiti sita, akabuni na mashine ya kuvikata. Katika Uingereza kazi hiyo ilifanywa na nyumba nyingi, na mojawapo iliyojulikana sana ni ile ya Hardy katika mji wa Alnwick, iliyoanza mwaka 1872. Mwanzi uliopendwa kuliko yote ulitoka jimbo la Guangdong katika China.

Kila kijiti kina pande tatu zilizo sawa, na vikikutanishwa sita, ncha zao zikielekea ndani, hufanya ufito wenye pande sita. Uzuri wa kazi hii ni kwamba nyuzi zenye nguvu za mwanzi ziko karibu na ganda lake la nje. Ndani mwanzi ni laini. Kwa kuupasua hivi, zile nyuzi za nje huzunguka ufito pande zote, na ule ulaini hutupwa.

Gundi waliyoitumia mafundi wale ilikuwa ni gundi ya ngozi. Hufanywa kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama mpaka maji yawe mazito, nayo ni gundi ya kale sana, maana maseremala wa Misri ya zamani waliitumia katika viti na masanduku ya wafalme wao. Hutumiwa ikiwa na moto wa kadiri ya digrii 60 za sentigredi. Ikikauka huwa ngumu na yenye kung'aa kama kioo; ikipata maji na joto pamoja hurudi kuwa uji. Tangu miaka ya 1940 mafundi walianza kuiacha, wakatumia gundi za viwandani zisizojali maji, lakini fito za zamani bado zipo, tena watu huzitunza sana kwa sababu zilirithiwa, na aliyezifanya hayupo tena wa kufanya nyingine.

Basi jambo lenyewe ni hili. Fundi anataka kuitoa pete au bomba kwa kuitia joto gundi iliyo chini yake. Lakini ufito nao, kutoka mwanzo mpaka mwisho, ni vijiti sita vilivyoshikana kwa gundi. Joto lile lile liachishalo bomba laweza kuachisha vijiti, na maji yale yale yalegezayo huku hulegeza na kule. Aliyeutia ufito wa namna hii katika sufuria ya maji ya moto amelitoa bomba bila shida, ila mkononi amebaki na vijiti sita vilivyofumuka kama ukili.

Kwa bahati njema, mafundi wa zamani hawakutumia gundi ya ngozi kulishika bomba. Walitumia aina ya lakiri, iliyofanana na ile ya kutilia muhuri juu ya barua, iliyofanywa kwa utomvu mkavu wa misonobari pamoja na vitu vingine. Lakiri hii hulainika upesi ikiona moto, na maadamu vijiti ni vikavu, gundi ya ngozi huvumilia joto kidogo kwa muda mfupi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo njia ya kupita. Si njia pana. Fundi apewa nafasi ya sekunde chache tu, ambazo lakiri imekwisha kulainika na ufito haujapata habari.

Kabla ya kuwasha moto wowote, mna kazi ya macho. Mwisho wa bomba, upande wa ufito, mara nyingi umefunikwa kwa uzi wa hariri. Uzi huo hukatwa kwanza, na hukatwa pale ulipolala juu ya chuma, si pale ulipolala juu ya mwanzi, ili kisu kikipita kiguse bomba na kisizijeruhi nyuzi za ufito. Ukikatwa mahali pamoja, uliobaki hufumuliwa kwa vidole. Vivyo hivyo hufanywa kwa pete za njiani: kisu hulazwa juu ya mguu wa waya wa pete, makali yakielekea juu, na uzi hukwanguliwa kidogo kidogo.

Kisha hutafutwa msumari. Mafundi wengi wa zamani hawakuiamini lakiri peke yake. Walitoboa bomba na ufito kwa pamoja, wakapitisha msumari mwembamba kama sindano, wakaukata na kuusugua mpaka ukawa sawa na uso wa bomba. Asiyejua hauoni. Bomba husuguliwa kwa kitambaa chenye majivu laini, likaelekezwa kwenye mwanga kwa upande, na hapo huonekana doa dogo la mviringo lenye rangi iliyo tofauti kidogo. Msumari huo husukumwa nje kwa chuma butu chembamba, ama hutobolewa kwa keekee ndogo. Ukisahauliwa, gundi italainika kama ilivyotakiwa, mtu atavuta kama alivyofundishwa, na msumari utaupasua mwanzi kwa urefu wake.

Sasa moto. Taa ndogo ya spiriti hufaa kuliko mshumaa, kwa kuwa haina masizi. Kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa huzungushwa juu ya mwanzi, karibu kabisa na bomba, ili joto likitambaa lizimike hapo. Bomba peke yake hupitishwa juu ya mwali huku likizungushwa, wala halikai mahali pamoja. Baada ya sekunde chache huondolewa na kujaribiwa. Kama halikuja, huachwa lipoe kidogo, kisha hupitishwa tena. Ni heri kujaribu mara tano kwa moto mdogo kuliko mara moja kwa moto mkubwa, maana chuma hupata joto upesi, na mwenye haraka huunguza mwanzi. Harufu ya mwanzi uunguao ikitoka, kazi imekwisha kuharibika. Tena, vanishi nyingine za zamani zilifanywa kwa pamba iliyotiwa asidi ya naitriki, nazo hushika moto kwa ghafula. Kwa hiyo ndoo ya maji iwe karibu, chupa ya spiriti iwe mbali na imefungwa, na mtoto asiifanye kazi hii bila mtu mzima.

Kuvuta nako kuna adabu yake. Bomba huvutwa moja kwa moja, kwa kufuata urefu wa ufito, wala halisokotwi. Mwanzi una nguvu nyingi kwa urefu, lakini ukisokotwa vijiti huachana. Koleo halifai kwa kushikia, kwa kuwa bomba ni jembamba kama karatasi nene, na likibanwa hupoteza uviringo wake na haliwezi tena kuingiana na mwenziwe. Fundi hodari hulitia bomba dume ndani ya jike lake, ndipo apate pa kushika bila kuliponda, akavuta kwa mkono uliofungwa ngozi.

Hapa yafaa kutaja kosa moja lifananalo na haya. Wakati mwingine kilichokwama si gundi. Ni dume na jike wenyewe walioshikana baada ya siku ya uvuvi, kwa kutu au mchanga. Mtu huyatia mabomba motoni akitumaini kwamba jike litapanuka. Lakiri iliyo chini hulainika kwanza, na ufito hutoka katika bomba, huku mabomba yangali yameshikana. Dawa ya mkwamo huo ni baridi, si moto: barafu huwekwa juu ya mabomba mpaka yapoe sana, na yakisinyaa si sawasawa mshiko hulegea, kisha watu wawili huvuta wakielekeana, kila mmoja ameshika kwake.

Fito za siku hizi zilizo nyingi si za mwanzi. Baada ya vita vya pili vya dunia zilianza kufanywa kwa nyuzi za kioo, na katika miaka ya 1970 zikaja zile za nyuzi za kaboni, nyeusi, nyepesi mno, zenye uwazi ndani kama utete. Mtu aweza kudhani kwamba neno la gundi limekwisha, kwa kuwa hakuna tena vijiti vya kuunganishwa. Sivyo. Nyuzi za kaboni peke yake ni laini kama nywele. Kinachozifanya ziwe ufito ni utomvu wa kiwandani uliozinywesha na kugandamana nazo, na utomvu huo kwa kawaida ni epoksi. Na pete ya ncha na kikalio hugandishwa mara nyingi kwa epoksi hiyo hiyo. Kwa hiyo swali la pili limerudi, tena kwa ukali zaidi: namna gani mtu aachishe epoksi iliyo juu ya ufito, bila kuharibu epoksi iliyo ndani ya ufito?

Jibu lake ni zuri. Epoksi haiyeyuki kama nta. Ikipata joto la kutosha hulainika tu na kuwa kama mpira. Na joto la kuilainisha hufuata sana joto lililokuwapo ilipogandia. Ufito wa kaboni huokwa katika tanuri kiwandani, kwa kawaida zaidi ya digrii 100. Lakini gundi ya pete hutiwa na fundi mezani, ikagandia kivulini. Gundi iliyogandia kivulini hulegea mapema kuliko ile iliyogandia tanurini. Katikati ya hizo mbili mna nafasi, na kitu kinachoingia katika nafasi hiyo bila kupimwa na mtu ni maji yachemkayo.

Maji katika chombo kilicho wazi hayawezi kupita joto la kuchemka kwake, hata moto uongezwe namna gani. Kinachozidi huenda na mvuke. Pwani joto hilo ni digrii 100, na kadiri mtu apandavyo mlimani hupungua. Mahali palipo mita 2,000 juu ya bahari maji huchemka kwa kadiri ya digrii 93. Mwali wa mshumaa hupita digrii 1,000, na hapana mkono wa mtu uwezao kuupima kwa kuusogeza karibu au mbali. Basi kwa pete ya ncha ya ufito wa kaboni au wa kioo, fundi huchovya kijibomba peke yake katika maji yachemkayo, akahesabu polepole mpaka 30, akaitoa na kuivuta kwa kitambaa kinene, moja kwa moja. Isipokuja, huchovya tena. Njia hii, ambayo ingeuua ufito wa mwanzi, kwa ufito wa kaboni ni salama kuliko zote.

Mna hatari moja iliyojificha katika uwazi wa ndani. Hewa iliyofungiwa chini ya kijibomba hupanuka ikipata moto, na gundi ikilainika hewa hiyo huweza kuisukuma pete kwa ghafula, nayo ni chuma cha moto. Kwa hiyo ncha haielekezwi kamwe usoni pa mtu, wala fundi haangalii kwa karibu kuona kama pete imeanza kutoka.

Na kisu huogopwa zaidi katika ufito wa kaboni kuliko katika wa mwanzi. Mwanzi ukikwaruzwa huonyesha jeraha, kaboni haionyeshi. Mkwaruzo mwembamba kama unywele, uliozunguka ufito mahali uzi ulipokatwa, hukaa kimya miezi mingi. Kisha siku moja ufito unapinda sana, nao hukatika hapo hapo kwa mlio kama wa bunduki, na mwenyewe hulaumu kiwanda.

Kikalio cha kigurudumu ni habari nyingine. Hicho kimegandishwa kwa eneo kubwa, mara nyingi juu ya gome lile la vizibo au juu ya karatasi iliyozungushwa, na joto haliwezi kupenya mpaka ndani pasipo kuunguza cha nje. Hapa watu wengi hupoteza siku nzima wakijaribu kuokoa kila kitu. Afadhali kuamua mapema kipi kitakufa. Kikalio kipya huweza kununuliwa, ufito hauwezi. Basi kikalio cha zamani hukatwa kwa msumeno mwembamba kwa urefu wake, mifereji miwili inayoelekeana, wala msumeno haufiki mpaka kwenye ufito; ngozi nyembamba ya mwisho huachwa. Kisha bapa la bisibisi hutiwa katika mfereji na kugeuzwa kidogo, kikalio kikapasuka vipande viwili. Masalio ya gundi huondolewa kwa tupa, halafu kwa msasa, mpaka rangi ya ufito inapoanza kuonekana, na hapo mkono husimama. Mkono wa gome nao huondolewa vivyo hivyo, kwa kuchongwa kama mtu amenyavyo muwa, isipokuwa kwamba hapa kisichotakiwa kuguswa ndicho kilicho ndani.

Wako watu wanaotafuta dawa ya chupa ili kuepuka kazi hii. Spiriti huyeyusha lakiri, nayo hufaa kwa kusafisha bomba likiisha kutoka. Lakini dawa kali za kuondolea rangi, zinazokula epoksi, hazijui kuchagua. Zikila gundi ya kikalio zitakula na utomvu wa ufito. Tena mvuke wake ni sumu ndani ya chumba kilichofungwa. Ni afadhali kuziacha dukani.

Kama fundi hajui gundi iliyotumika, hana haja ya kubahatisha. Mara nyingi tone moja limebaki limegandia kwenye ukingo wa bomba. Hulibandua kwa ukucha, akaligawanya. Kipande kimoja hutiwa katika maji ya vuguvugu: kikivimba na kuwa na utelezi, ni gundi ya ngozi. Kipande kingine huguswa kwa sindano iliyotiwa moto: kikiyeyuka na kuvutika kama uzi, ni lakiri au mojawapo ya gundi za kuyeyuka, kisipoyeyuka bali kikawa kama mpira, ni epoksi. Jaribio hilo huchukua dakika chache, nalo huonyesha mlango ni upi.

Kitu kikiisha kutoka, huja uchaguzi wa gundi mpya, na hapo tamaa ya wengi ni kutia ile yenye nguvu kuliko zote. Watengenezaji wa fidla wana busara nyingine. Mpaka leo hubandika mfuniko wa fidla kwa gundi ya ngozi, nao wanazijua zile zenye nguvu zaidi. Wanajua kwamba fidla itapasuka siku moja, na kwamba fundi mwingine, pengine asiyezaliwa bado, atalazimika kuifungua. Gundi ya ngozi itamwachia kwa kisu chembamba na maji kidogo. Fidla za Antonio Stradivari, aliyekufa mwaka 1737 katika mji wa Cremona, zimefunguliwa na kufungwa hivi, na nyingine zingali zikipigwa.

Kwa hiyo pete ya ncha, ambayo hakika itachakaa tena, hutiwa gundi ya kuyeyuka, ile ya vijiti ipatikanayo madukani. Huyeyushwa kidogo, ikapakwa kwenye ncha ya ufito, na kijibomba kilichopashwa moto katika maji na kukaushwa huvikwa juu yake. Kabla haijaganda fundi hufumba jicho moja, akautazama ufito kutoka mkononi mpaka nchani kama mtu alengaye shabaha, akaigeuza pete mpaka ilingane na pete nyingine zote. Ana kama nusu dakika ya kufanya hivyo. Gundi iliyotoka kando huachwa mpaka ipoe kabisa, kisha hubanduliwa kwa ukucha, si kwa kisu.

Uzi mpya wa hariri ukiisha kufungwa na kupakwa vanishi, ufito hutundikwa wima mahali pasipo vumbi, mbali na jiko na mbali na jua la dirishani. Vanishi huonekana kavu baada ya siku moja, lakini haijakauka ndani, na ukucha ukibonyezwa juu yake huacha alama. Ufito hushuka ukutani siku alama hiyo isipoonekana tena.